Sura ya Sita: Nikijibu "Sawa" kwa WhatsApp, Nimesaini?

Swali hili huja kwa sura nyingi. Fundi aliyepatana kazi kwa ujumbe wa simu anataka kujua kama ana mkataba. Mwenye nyumba aliyetumiwa picha ya mkataba wa pango anajiuliza kama picha inatosha au aidai karatasi yenyewe. Kijana aliyebonyeza "Nakubali" bila kusoma anauliza kama amefungwa na maneno ambayo hakuyaona. Wote wana wasiwasi mmoja: kama hakuna wino, kuna saini?

Jibu fupi kwa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda ni kwamba mara nyingi saini ipo. Jibu refu linasumbua zaidi, kwa sababu sheria imeondoa kikwazo kimoja na kumwachia mwananchi kingine. Zamani ulihangaika kupata saini. Siku hizi saini unazo tele, tena nyingine umeziweka bila kujua. Unachohangaikia sasa ni kuthibitisha kwamba ni ya nani na ilikubali nini.

Magunia sitini ya mahindi

Tuseme mama mwenye duka la nafaka Dar es Salaam anamwandikia muuzaji wa mahindi wa Kibaigwa, mkoani Dodoma.

"Mwanangu, gunia 60 nitapata?"

"Shikamoo mama. Zipo, 75,000 kila moja, nakufikishia dukani."

"Marahaba. Basi niletee Jumatatu. Thibitisha nijipange."

Kijana hakuandika neno. Aliweka emoji ya kidole gumba, basi. Ijumaa bei ikapanda, akamuuzia mwingine. Mama akilalamika, anajibiwa: "Mama, mimi sijasaini kitu."

Je, ana hoja? Kwanza tuitazame Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345. Inasema makubaliano huwa mkataba yakifanywa kwa hiari, na watu wenye sifa za kuingia mkataba, kila upande ukitoa kitu cha thamani, na kwa lengo halali. Kalamu haikutajwa popote hapo. Mkataba wa mdomo ni mkataba, na watu wa Kariakoo wamelijua hilo kabla ya wanasheria.

Ila kuna sheria nyingine. Sheria za mauzo ya bidhaa za Tanzania na Kenya, zilizorithiwa kutoka kwa Waingereza, zinasema mauzo ya bidhaa za thamani ya shilingi 200 au zaidi hayadaiki mahakamani mpaka moja ya mambo haya liwe limefanyika: mnunuzi amepokea sehemu ya mzigo, au ametoa arbuni au sehemu ya malipo, au kuna maandishi yaliyosainiwa na yule anayedaiwa. Shilingi 200 ilikuwa fedha wakati sheria inatungwa. Leo ni andazi. Kwa hiyo karibu kila biashara unayoijua imo ndani ya kifungu hicho, na mama yetu, ambaye hakutuma hata senti, anahitaji maandishi yenye saini. Anacho kidole gumba.

Kidole gumba kilichofika mahakamani

Kisa cha mama wa Dar nimekitunga, lakini kuna ndugu yake wa kweli. Machi 2021, huko Saskatchewan, Kanada, kampuni ya kununua nafaka ilizungumza na mkulima kuhusu zaidi ya tani 80 za mbegu za kitani. Mnunuzi aliandika mkataba, akausaini kwa mkono, akaupiga picha na kumtumia mkulima kwa simu akimwomba athibitishe. Mkulima akajibu kwa kidole gumba. Mzigo ulitakiwa Novemba. Kufikia wakati huo bei ilikuwa imeruka kutoka dola 17 kwa kila busheli, kile kipimo chao cha nafaka, hadi dola 41, na mbegu hazikuonekana.

Mahakamani mkulima alijitetea kwamba kidole kile kilimaanisha "nimepata ujumbe wako, nitausoma", si "nimekubali". Utetezi huo si wa kipuuzi; wengi wetu tunakitumia hivyo kila siku. Kilichomwangusha ni historia. Huko nyuma wawili hao walikuwa wamefanya mikataba kwa njia hiyohiyo, mkulima akijibu kwa neno fupi la kukubali, na mzigo ulifika. Jaji alisema kidole gumba si njia ya kawaida ya kusaini, lakini katika mazingira yale kilifanya kazi mbili za saini: kilimtambulisha mtu, kwa kuwa kilitoka kwenye simu yake, na kilionyesha kwamba ameukubali mkataba. Mwaka 2023 mkulima aliamriwa kulipa zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Alikata rufaa, na Desemba 2024 majaji wawili kati ya watatu wakakubaliana na uamuzi huo.

Uamuzi wa Kanada haumfungi hakimu wa Dodoma. Ila zile kazi mbili za saini, kumtambulisha mtu na kuonyesha nia yake, zimo pia ndani ya sheria ya Tanzania.

Sheria inavyosema

Tanzania ilitunga Sheria ya Miamala ya Kielektroniki mwaka 2015, ikaanza kutumika Septemba mwaka huohuo. Muamala wa kielektroniki ni shughuli yoyote ya kupatana, kuuza, kununua au kulipana inayofanywa kwa kompyuta, simu au mtandao. Sheria hiyo inasema mkataba haukosi nguvu kwa sababu tu umefanywa kwa njia hiyo. Pale wawili wanapotaka kusainiana, inatosha kutumia njia inayomtambulisha mtu na kuonyesha nia yake kuhusu kile kilichoandikwa. Wanaweza pia kukubaliana wenyewe njia gani itahesabiwa kuwa saini yao.

Kwa hiyo jina ulilochapa mwishoni mwa barua pepe linaweza kuwa saini. Vilevile picha ya saini yako iliyobandikwa kwenye hati, kisanduku ulichokibonyeza, namba ya siri uliyoingiza, au mchoro wa kidole kwenye kioo cha mhudumu aliyekuletea kifurushi.

Waingereza wametuachia mifano miwili inayoonyesha mstari unapita wapi. Mwaka 2006 mahakama yao ilikataa kuihesabu anwani ya barua pepe, iliyojiweka yenyewe juu ya ujumbe, kuwa saini ya mdhamini. Mwaka 2019 mahakama ya Manchester ilikubali jina lililokuwa likijiweka lenyewe chini ya barua pepe ya wakili, kwa sababu mwenyewe ndiye aliyeipanga programu yake imwekee jina hilo kama mtu anayesaini. Tofauti ni nyembamba, nami nadhani mtu wa kawaida asingeiona. Lakini ukifuata lile swali la nia, unaelewa majaji walikuwa wanatafuta nini.

Kwa ufupi: sheria haiulizi umesaini kwa chombo gani. Inauliza kama ni wewe, na kama ulikusudia.

Tulifikaje hapa

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1869 mahakama ya jimbo la New Hampshire, Marekani, iliamua kwamba mkataba uliofanywa kwa simu ya maandishi, ile iliyopita kwenye nyaya, una nguvu sawa na ulioandikwa kwa kalamu. Mwaka 1996 tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia sheria za biashara ya kimataifa, UNCITRAL, ilitoa sheria ya mfano kuhusu biashara ya kielektroniki, na nchi nyingi zimechota humo. Kenya iliingiza vifungu vyake mwaka 2009 kupitia sheria ya mawasiliano. Rwanda ilifuata mwaka 2010, na mwaka 2011 Uganda, ambayo ilitunga sheria ya miamala na ya saini kila moja peke yake.

Tanzania ilianzia mahakamani. Katika kesi ya Trust Bank Tanzania dhidi ya Le-Marsh Enterprises, iliyofunguliwa Mahakama ya Biashara mwaka 2000, benki ilileta taarifa za akaunti zilizotoka kwenye kompyuta, na upande wa pili ukapinga: sheria ya ushahidi ilizungumzia vitabu vya benki, na kompyuta si kitabu. Jaji Nsekela alizipokea, akaona mahakama haiwezi kufumba macho wakati benki zimeshaacha madaftari. Bunge liliirekebisha sheria ya ushahidi mwaka 2007, lakini mambo ya barua pepe na jumbe za simu katika kesi za madai hayakupata makao ya wazi hadi 2015.

Saini ya kawaida na saini salama

Hadi hapa nimezungumzia saini ya kawaida ya kielektroniki, inayotosha pale ninyi wawili mnapotaka kusainiana. Lakini pale sheria yenyewe inapodai saini, Tanzania inataka ya daraja la juu, inayoitwa saini salama. Kenya ina ya namna hiyo pia, na Sheria yake ya Marekebisho ya Sheria za Biashara ya mwaka 2020 iliiingiza hadi kwenye sheria ya mikataba. Masharti yanafanana:

- iwe ya mtu mmoja, isiyoshirikiwa;
- iweze kumtambulisha mtu huyo;
- iwe chini ya udhibiti wake;
- iungane na hati kiasi kwamba mabadiliko yoyote ya baadaye yaonekane.

Sharti la mwisho ndilo linalowashangaza watu. Hati itajuaje kwamba imebadilishwa? Programu ya kusainia huichukua hati nzima na kuikokotoa hadi kupata namba ndefu inayotokana na hati hiyo. Ukibadilisha nukta moja, namba inayopatikana ni tofauti kabisa. Namba hiyo hufungwa kwa ufunguo wa siri alionao mwenye saini tu, na mtu yeyote anaweza kuikagua kwa ufunguo wa pili ulio wazi. Taasisi iliyoidhinishwa hutoa cheti kinachosema ufunguo huu ni wa fulani. Ni kama lakiri kwenye bahasha, ila hii inalinda kila herufi iliyomo ndani.

Hapo utaona udhaifu wa ile picha ya saini ambayo ofisi nyingi huihifadhi kwenye kompyuta ya katibu muhtasi na kuibandika inapohitajika. Inaweza kupita kama saini ya kawaida. Salama haiwezi kuwa, maana yeyote mwenye faili anaibandika, na hati inaweza kubadilishwa bila alama. Anayeibandika bila idhini ajue kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakuhesabu kughushi kwa kutumia kompyuta kuwa jinai.

Namba ya siri ni saini yako

Watu wengi katika ukanda wetu hawajawahi kusikia habari za vyeti na funguo, lakini wanasaini kielektroniki kila siku. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Kisha mikopo ikaingia humohumo kwenye simu: M-Shwari Kenya mwaka 2012, M-Pawa Tanzania mwaka 2014, na mingine mingi baadaye. Unabonyeza namba chache, unasoma au husomi masharti, unaingiza namba ya siri. Hakuna afisa mikopo wala mdhamini, na tayari umesaini mkataba wa mkopo.

Namba ya siri inakutambulisha na inaonyesha nia. Ndiyo maana naona tabia yetu ya kuigawa ni ya hatari kuliko tunavyoihesabu. Bibi anamwambia mjukuu, "Nitolee hela, namba ni mwaka niliozaliwa." Mteja anamtajia wakala kwa sauti mbele ya foleni. Mume anaijua ya mke, mke anaijua ya mume, na wote wanaona ndiyo mapenzi. Mjukuu akikopa usiku, kumbukumbu za kampuni zitaonyesha kwamba bibi ndiye aliyekopa, na bibi ndiye atakayehangaika kueleza vinginevyo.

Hali ni hiyohiyo kwa laini ya simu. Tangu 2019 Tanzania imekuwa ikisajili laini kwa alama za vidole, hivyo namba inamwelekeza mtu moja kwa moja. Ukitumia laini iliyosajiliwa kwa jina la shemeji yako, mikataba unayoifanya inaanza maisha kwa jina la shemeji.

"Nakubali" bila kusoma, na kimya

Kuna kesi moja ya Kiingereza ya mwaka 1934 ambayo wanafunzi wa sheria hawaisahau. Mwanamke mwenye mgahawa alinunua mashine ya kuuzia sigara, akasaini fomu yenye maandishi madogo bila kuisoma. Mashine ikaharibika. Fomu ilikuwa imeondoa dhamana zote, na mahakama ikasema aliyesaini amefungwa, asome asisome. Nchi zetu zilirithi mtazamo huo, na kisanduku cha "Nakubali" kinaangukia humo.

Naona kanuni hiyo ni kali mno kwa mtu anayesoma masharti ya kurasa 30 kwenye kioo cha simu, na kwa bahati watunga sheria wameilegeza kidogo. Tanzania inamtaka anayeuza mtandaoni ajitambulishe, atoe anwani yake, aeleze bidhaa na bei. Muuza viatu wa Instagram anayeandika "bei njoo DM" ajisome hapo. Kenya, kwa Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012, inamtaka muuzaji ampe mteja nafasi ya wazi ya kukubali, kukataa au kurekebisha makosa kabla mkataba haujafungwa. Asipofanya hivyo, mteja anaweza kuuvunja ndani ya muda uliowekwa.

Kunyamaza ni jambo jingine. Mwaka 1862 mahakama ya Uingereza ilisikiliza kesi ya bwana aliyemwandikia mtoto wa nduguye kwamba asiposikia neno tena, atahesabu farasi ni wake kwa bei aliyoitaja. Kijana hakujibu. Mahakama ikasema hakuna mkataba. Kwa hiyo katibu wa kikoba anayeandika kwenye kundi la WhatsApp "asiyejibu hadi saa mbili usiku nahesabu amekubali" hajapata ridhaa ya mtu, isipokuwa kama katiba ya kikundi ilishakubali utaratibu huo. Na tiki mbili za bluu zinaonyesha ujumbe umefunguliwa. Kufungua si kukubali.

Kwa ufupi: kubonyeza kunafunga, kunyamaza hakufungi.

Bado karatasi

Yapo mambo ya kutoyapeleka WhatsApp. Sheria ya Kenya ya miamala ya kielektroniki inaacha nje wasia na hati za malipo kama hundi. Uuzaji wa ardhi unadai maandishi yenye saini, na Kenya unadai pia shahidi. Nchi hiyo imeanza kuhamishia shughuli za ardhi kwenye mfumo wa Ardhisasa uliozinduliwa Aprili 2021, lakini kusaini ndani ya mfumo wa serikali si sawa na kuambiana "kiwanja nimekuachia" kwenye simu. Tanzania nako, kwa ardhi, wasia na hati ya kumpa mtu mamlaka ya kukuwakilisha, nenda kwa wakili, saini kwa wino, mashahidi wakiona.

Siku ya kuthibitisha

Turudi kwa mama wa nafaka. Tumekubali kwamba kidole gumba kinaweza kuwa saini, walau ya kawaida; kama kinatosha pale sheria ya mauzo yenyewe inapodai saini, kijana anaweza kubisha. Anaingia mahakamani na skrinishoti mbili alizochapa kwenye duka la jirani. Kijana anasema: "Simu hiyo si yangu. Na hata kama ni yangu, hapo juu kuna ujumbe ameufuta." Sasa?

Sheria ya Tanzania inasema ushahidi wa kielektroniki hautakataliwa kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Kupokelewa hakumaanishi kuaminiwa. Ili kuupima uzito, mahakama hutazama ujumbe ulitengenezwa, ulihifadhiwa na ulitumwa kwa njia ya kuaminika kiasi gani, umelindwa vipi usibadilike, na aliyeutuma alitambuliwa vipi. Kisha kuna kifungu ambacho ningependa kila mfanyabiashara akijue. Kumbukumbu huchukuliwa kuwa halisi, mpaka mtu athibitishe vinginevyo, katika hali tatu: kompyuta au simu ilikuwa ikifanya kazi sawasawa, au kumbukumbu imetoka kwa mpinzani wako mwenyewe, au imehifadhiwa katika kazi za kila siku na mtu asiye upande wowote katika kesi, ambaye wewe humwongozi.

Hali ya tatu ni dhahabu. Taarifa ya muamala kutoka kampuni ya simu au benki ina nguvu kuliko skrinishoti yako, maana benki haina maslahi katika ugomvi wa mahindi. Mama angetuma hata shilingi 50,000 ya arbuni kwa namba ileile waliyozungumzia, angepata mambo mawili kwa mkupuo: kumbukumbu ya mtu wa tatu yenye jina la aliyesajili namba, na malipo ya sehemu, ambayo kwa sheria ya mauzo yanatosha hata bila saini.

Kenya kuna hatua moja zaidi. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inadai cheti kinachoeleza ushahidi umetoka kwenye chombo gani na umetolewaje, kikiwa na saini ya mtu anayehusika na chombo hicho. Skrinishoti nzuri isiyo na cheti inaweza kuwekwa pembeni.

Kama unafanya biashara kwa simu, haya ndiyo ningekushauri:

- Andika kwa maneno kamili mlichokubaliana: kiasi, bei, siku, mahali, nani analipa usafiri. Mwombe mwenzako ajibu kwa neno "Nakubali" na majina yake kamili.
- Mkipatana kwa kupigiana simu, mtumie muhtasari mara baada ya kukata.
- Lipa kwa njia inayoacha kumbukumbu, kwa namba yenye jina la unayepatana naye.
- Hamisha mazungumzo yote kwa pamoja, si vipande, na uyatume kwenye barua pepe yako.
- Usifute kitu, hata ulichoandika ukiwa na hasira. Pengo katika mazungumzo humsaidia mpinzani.
- Usiuze wala kugawa simu yenye mazungumzo ya deni ambalo halijalipwa.

Hayo hayahitaji wakili wala gharama. Kama una mzigo, pango au mkopo unaosubiri utekelezaji, fungua mazungumzo yake leo, uone kama mtu asiyewajua ninyi wawili angeyasoma na kuelewa nani anamdai nani, kiasi gani, na lini. Asipoelewa, mwandikie mwenzako sasa hivi, wakati bado mnasalimiana.